Nani Kampata Shadi Huyu?

Katika mji wetu wa Stubbins, kando ya mto Connecticut, hakuna anayependa kumla samaki tunayemwita shadi. Nalisema mapema ili nisije nikaitwa mnafiki baadaye. Tunamsifu, tumemchora kwenye ukuta wa zimamoto, tunampigia bendi kila Mei anapopanda mto kutoka baharini kwenda kutaga, na padri humwombea safari njema. Lakini kumla? Shadi ana miba zaidi ya elfu, na yote imekaa mahali usipoitarajia. Siku ya sherehe utawaona watu wamejazana kwenye meza ya soseji, na shadi anawasubiri wageni wa heshima, wale ambao hawawezi kukataa.

Basi ukiuliza kwa nini wanaume watu wazima hugombana kwa ajili yake hadi ndugu wanaacha kusalimiana, ujue hawagombei samaki. Wanagombea mahali pa kutia nanga.

Chini ya maporomoko madogo kuna jiwe kubwa, na nyuma yake maji yametulia. Shadi hupumzika pale kabla ya kuendelea na safari. Sisi tunaliita Jiwe la Dudek, kwa jina la marehemu baba yangu, Mzee Bronek Dudek, aliyetia nanga hapo Jumamosi ishirini na tisa za ufunguzi wa msimu bila kukauka hata moja. Kukauka, kwetu, ni kufika saa sita mchana, king'ora cha zimamoto kikalia, nawe hujapata hata jike mmoja mwenye mayai. Dume hahesabiwi. Kanuni ya Tisa ya Klabu ya Wavuvi wa Shadi, iliyoandikwa mwaka 1911 na watu waliokuwa na nafasi nyingi mno, inasema mwanachama akikauka miaka mitatu mfululizo ananyang'anywa mahali pake na kupewa anayemfuata kwenye orodha.

Mimi, Kaz Dudek, nilikuwa nimekauka miaka miwili. Mei ile ya 1988 ilikuwa ya tatu.

Na aliyefuata kwenye orodha alikuwa Daktari Prentiss, daktari wa meno mstaafu aliyetuhamia kutoka New York. Alikuwa na mashua inayong'aa, kizibao chenye mifuko kumi na saba, na kisanduku cha umeme chenye kioo kinachoonyesha samaki waliopo chini ya maji. Alikuwa mtu mpole, mwenye salamu nzuri kila asubuhi. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana mtu anayekuja kukunyang'anya jiwe la baba yako anapaswa angalau kuwa na kiburi kidogo.

Mwenzangu wa mashua alikuwa amefanyiwa upasuaji wa ngiri, nikabaki peke yangu. Saa kumi na moja alfajiri nikamkuta dada yangu Stasia amekaa gatini, chupa ya kahawa mapajani, amevaa koti la mvua la marehemu mumewe.

"Unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Naenda na wewe. Nani atakushikia wavu? Malaika?"

Stasia alikuwa na miaka sitini na miwili, mkubwa wangu kwa minne, na katika mji mzima ni yeye pekee aliyebaki anajua kumtoa shadi miba. Kazi hiyo alirithi kwa mama. Kila sherehe aliketi kwenye kona ya jumba la klabu, nyuma ya pazia la maua, na hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia. Samaki waliingia upande mmoja wazima, wakatoka upande wa pili minofu mitupu, laini, haina mwiba hata mmoja. Halafu wanaume wakaipigilia misumari kwenye mbao za mwaloni, wakaiegemeza kando ya moto, wakapiga picha na kusifiwa kwa upishi wao.

Hakuwa mwanachama, bila shaka. Klabu ni ya wanaume. Akina mama wana kamati yao, inayoshughulikia kabichi.

Tukatia nanga nyuma ya jiwe saa kumi na mbili. Vichaka vya ukingoni vilikuwa vimechanua vyeupe, na kwetu hiyo ndiyo barua ya shadi kwamba amefika. Daktari Prentiss akatia nanga yake hatua thelathini kutoka kwetu, karibu kiasi cha kuonyesha nia, mbali kiasi cha kuonyesha adabu.

"Asubuhi njema, Bwana Dudek! Bi Stasia! Kioo changu kinasema wako wengi hapo chini yenu!"

"Mwambie kioo chako kije kiwavue," nikamjibu.

Nikafunga chambo cha baba. Chambo chetu ni kipande cha risasi kama punje ya haragwe, kimepakwa rangi, kina ndoana na mkia wa manyoya. Cha baba kilikuwa nusu chekundu nusu cheupe. Mto mzima siku hizi hutumia kijani kibichi, lakini mimi sifuati upepo.

Saa moja ikapita. Saa mbili. Saa tatu nikapata dume, nikamrudisha majini kwa maneno ambayo Stasia aliyajibu kwa kupiga ishara ya msalaba.

"Badilisha rangi," akasema.

"Baba alitumia hii hii miaka ishirini na tisa."

"Baba alitumia kilichokuwepo mfukoni."

"Wewe unajua nini? Ulikuwa unamshikia wavu tu."

Akanywa kahawa. "Ndiyo," akasema. "Nilikuwa namshikia wavu tu."

Ni kweli, tangu ana miaka tisa ni yeye aliyekwenda na baba. Mimi baba hakunichukua. Alisema naongea mpaka samaki wanarudi baharini, nami maisha yangu yote nimelichukulia hilo kuwa utani.

Saa tano na nusu jasho lilikuwa linanitoka kwenye baridi. Pande zote nilisikia shangwe za wengine: fulani kapata, fulani kapata wa pili. Nikarusha kwa nguvu, chambo cha baba kikanasa kwenye kamba ya nanga yangu mwenyewe. Nikainama kukinasua huku nikitukana kwa Kipolandi, lugha ninayoijua kwa matusi na sala tu.

"Kaz, huo ufito wa kuvulia wa akiba una kazi?"

"Usiguse kitu!"

Nilipoinua kichwa, alikuwa ameshaurusha. Chambo chake, alichokitoa kwenye kikopo cha lozenji za kikohozi, kilikuwa cha waridi mkali.

"Rangi gani hiyo?"

"Rangi ya kucha. Ya dukani kwa Rexford. Ilikuwa imebaki kidogo."

Sikuwahi kuona kitu cha aibu kama hicho juu ya Jiwe la Dudek. Nilikuwa bado natafuta neno la kumwambia pale ufito ulipopinda mpaka ncha ikagusa maji.

"Mvute!" nikapiga kelele.

"Nyamaza."

"Mvute, dada, atakwenda!"

"Mdomo wake ni karatasi. Ukimvuta unabaki na mdomo. Nyamaza, Kaz, kwa mara ya kwanza tangu ubatizwe."

Nikanyamaza. Akamwachia mshipi, akamrudisha, akamwachia tena, bila haraka. Samaki aliruka mara moja, ubavu wa fedha mtupu, nikajua ni jike kwa unene wa tumbo. Dakika kumi nzima. Kisha Stasia akasema, "Sasa," nikatumbukiza wavu nikamwinua. Ratili sita, mayai yamemjaa. Nilimkumbatia samaki yule kifuani kama mtoto aliyerudi kutoka vitani, na pale pale king'ora cha zimamoto kikalia.

Daktari Prentiss aliinua kichwa kutoka kwenye kioo chake. Hakuwa ameona chochote. Alikuwa anatazama samaki kwenye umeme.

"Umepata, Bwana Dudek?"

Mimi nikainua wavu juu. Stasia alikuwa anafunga kikopo chake cha lozenji. Sikusema neno, na mtu aliyeinua wavu hajasema uongo bado. Hivyo ndivyo nilivyojiambia njia nzima ya kurudi.

Kwenye jumba la klabu bendi ilikuwa inapiga. Moto ulikuwa umewashwa, mbao za mwaloni zimepangwa, na meza ya mbele alikaa seneta wa jimbo, ambaye kila mwaka huja kula shadi kwa kuwa tuna kura mia tisa. Mwenyekiti wetu, Elwood Tuttle, aliyeshika kiti hicho miaka kumi na tisa kwa sababu ndiye mwenye funguo za jumba, alikuwa mezani kwenye mizani, kipaza sauti mkononi.

"Ratili sita na robo!" akatangaza. "Kutoka Jiwe la Dudek! Na sasa, kwa kumbukumbu za klabu, nani kampata shadi huyu?"

Stasia alikuwa nyuma yangu kidogo, bado na koti la mvua. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Nawaapia, neno lilitoka lenyewe, kama chafya.

"Mimi."

Watu wakashangilia. Bendi ikapiga. Tuttle akanikumbatia, akasema damu ya Mzee Bronek haikauki, na Daktari Prentiss akaja kunipa mkono kwa moyo mweupe kabisa, mpaka nikatamani anipige. Stasia alivua koti, akalitundika, akachukua kapu la samaki wa karamu, akaingia nyuma ya pazia lake la maua. Pazia likafungwa.

Nikasimama pale napongezwa. Nikapewa bia. Nikasimulia nilivyomwachia mshipi na kumrudisha, dakika kumi nzima, mdomo wake ni karatasi, watu wangu, ukimvuta unabaki na mdomo. Wakatikisa vichwa kwa heshima.

Nusu saa ikapita. Moto ukawa makaa. Mbao zikawa tupu. Kwa kawaida, ukisimama karibu na pazia unasikia kisu: kss, kss, kss. Siku hiyo hakikusikika.

Tuttle akaenda, akakohoa kwa adabu. "Bi Stasia? Kuna tatizo?"

"Hakuna."

"Mbona minofu haitoki?"

"Muulize Kaz. Kampata, basi na amchambue."

Watu wakacheka, wakadhani ni utani wa ndugu. Tuttle akanisukuma kwa bega. "Nenda, bwana, kamsaidie dada yako. Seneta ana njaa."

Nikaingia nyuma ya pazia. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu. Palikuwa na kigoda, meza ya mbao iliyoliwa na visu, aproni ya mama, na kapu zima la samaki ambao hawajaguswa. Stasia alikuwa amekaa, mikono mapajani. Hakunitazama. Alikuwa anatazama pazia.

Upande wa nje pazia lile lina maua ya samawati, kila mtu mjini anayajua. Upande wa ndani lilikuwa limeshonwa samaki. Samaki wadogo wa uzi mwekundu, kila mmoja urefu wa kidole, wamepangwa mistari, na chini ya kila mmoja mwaka wake. Wa kwanza ulikuwa 1935, mshono wa mtoto, umepinda. Wa mwisho 1963, mwaka mmoja kabla baba hajafa. Sikuhitaji kuwahesabu. Kila Dudek anaijua namba hiyo, ishirini na tisa, imechongwa kwenye jiwe la kaburi la baba.

"Wote?" nikamuuliza.

"Wa 1941 alimshika mwenyewe. Nilikuwa na surua. Lakini nilimshona pia, asijisikie vibaya."

Nikakaa juu ya ndoo. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata, na mimi nimeishi karibu na kata ile miaka hamsini na minane nikiituma kahawa.

"Mbona hukusema?"

"Kwa nani? Mama alijua. Ndiye aliyenipa uzi." Akaliweka sawa pindo la pazia. "Baba naye alikuwa anasimama pale pale mezani. Tuttle mkubwa, babake Elwood, anauliza nani kampata, na baba anasema 'Mimi.' Haraka vile vile kama wewe. Leo nilisikia sauti yake, Kaz. Nilifikiri labda wewe utachelewa kidogo."

Hata angenipiga kwa kigoda nisingeumia hivyo. Nililia, sioni sababu ya kuficha. Nililia nikiwa nimekaa juu ya ndoo ya kutilia matumbo ya samaki, na nje bendi inapiga polka.

Kisha nikatoka, nikamnyang'anya Tuttle kipaza sauti.

"Samaki yule nimesema uongo," nikasema. "Kampata Stasia. Na wale wa baba kawapata Stasia. Ishirini na nane. Baba kampata mmoja."

Walikuwa na sura za watu waliogundua kwamba wamemwekea mnara mtu asiye mwenyewe. Tuttle alifungua kitabu cha kanuni, maana mtu wa namna yake akichanganyikiwa hufungua kitabu.

"Kanuni ya Tisa," akasoma, "inasema *mwanachama*. Bi Stasia si mwanachama. Kwa hiyo Kaz amekauka. Kwa hiyo Jiwe ni la Daktari Prentiss. Tumpigie makofi."

Makofi yakapigwa, machache. Daktari akasema ameguswa sana.

"Basi mwandikeni uanachama," nikasema.

"Kitabu hakina safu ya wanawake, Kaz. Tungependa, lakini safu haipo."

Kutoka nyuma ya pazia sauti ya dada yangu ikasema, bila hasira: "Sawa. Basi mle miba."

Akatoka, kisu chake kimefungwa kwenye aproni ya mama, akaenda kukaa kwenye meza ya soseji. Akajitilia haradali.

Wanaume wa Stubbins si watu wa kushindwa na samaki. Sita kati yao walijitosa nyuma ya pazia, kila mmoja akidai aliwahi kumwona mjomba wake akifanya. Walitoka baada ya robo saa na kitu kama uji wenye sindano. Wakakipigilia kwenye mbao hivyo hivyo, wakakiwekea nyama ya nguruwe juu kukifunika aibu, wakampelekea seneta akiwa wa kwanza, kwa heshima yake.

Seneta alikula kwa sababu ya zile kura mia tisa. Kipande cha pili akasimama, macho yamemtoka, mkono kooni.

Daktari Prentiss ndiye aliyemwokoa. Kwenye ule mfuko wa kumi na saba alikuwa na kibano chake cha zamani. Akamlaza mheshimiwa juu ya meza ya mizani, akamwambia "fungua, pana zaidi, vizuri sana," akamtoa mwiba mrefu kama sindano ya kushonea magunia. Nyuma yake foleni ilikuwa imeshaanza: mpiga tarumbeta, padri, wawili wa kamati ya kabichi. Tuttle alikuwa wa saba, haongei, anaonyesha kwa kidole tu. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie kwetu, daktari yule alikuwa na kazi anayoiweza mtoni Connecticut, na uso wake uling'aa.

Alipomaliza koo la Tuttle alijifuta mikono, akachukua kipaza sauti. "Ndugu zangu, mimi nilistaafu kazi hii," akasema. "Natoa hoja. Choreni safu."

Kanuni iliyodumu miaka sabini na saba ilibadilishwa kwa dakika nne, kwa kuinua mikono, kwa kuwa wengi hawakuweza kusema. Ilikubaliwa pia kwamba ianze kutumika kuanzia alfajiri ya siku ile, ili samaki wa asubuhi awe na mwenyewe, na kwamba mwenye samaki ndiye mwenye jiwe. Tuttle alichora mstari kwa rula. Akauliza kwa sauti iliyokwaruzika, "Jina?"

"Unanijua tangu darasa la kwanza, Elwood. Ulikuwa unakula chaki."

"Lazima niulize."

"Stasia Dudek."

Akarudi nyuma ya pazia. Kijana mmoja wa klabu akadhani sasa mambo ni wazi, akasogea achungulie.

"We! Uanachama wa wote, kisu changu," akasema Stasia, na pazia likafungwa. Kss, kss, kss.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwenye Jiwe la Dudek, kwenye tezi, nyuma ya mashua, wavu mikononi. Ndiyo kazi niliyopewa. Chambo kilikuwa cha waridi. Nusu ya mashua za mto ule zilikuwa na chambo cha waridi, na dukani kwa Rexford rangi ya kucha ilikuwa imekwisha tangu Jumanne, imenunuliwa na wanaume wakisema wametumwa na wake zao.

Saa mbili asubuhi ufito ukapinda. Nilinyamaza bila kuambiwa. Aliposema "Sasa," nikamwinua jike mzuri, mzito kuliko yule wa kwanza, na watu waliokuwa ukingoni wakamwona aking'aa.

"Kaz!" mmoja wao akaita. "Umepata?"

Mdomo wangu ukafunguka. Mnajua ulitaka kusema nini. Una mazoea ya vizazi viwili.

"Ni wa dada," nikasema.

Stasia hakugeuka. Alikuwa anaangalia chambo chake kama rangi imebanduka.

"Sema kwa sauti," akasema. "Mto una kelele."